Mama Sindano na Ukuta wa Jikoni

Mtaani walimjua kwa cherehani. Suruali ikichanika, gauni likibana, dawa ilikuwa moja tu: mpelekee Mama Sindano. Kwa hiyo siku alipoifunika cherehani shuka, akavaa buti na kwenda kujifunza umeme kwa Fundi Kipara, watu walicheka wakashika mbavu. Shemeji yake mwashi, mdogo wa mumewe, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Shemeji, umeme haushonwi."

"Na matofali hayaliwi," akamjibu, "mbona wewe yanakushibisha?"

Alijifunza kama mtu aliyefunguliwa chumba alichokuwa akikichungulia tangu utotoni. Waya unaokatwa na swichi ni wa moto, ili taa ikizimwa pasibaki umeme kwenye kishikio cha balbu. Jiko lina waya wake mnene, halichangii na taa. Soketi haikai karibu na bomba la kuogea. Kila sheria aliidai sababu yake, na akiipata hakai nayo peke yake: mumewe akiomba chumvi mezani, anapewa chumvi pamoja na habari za fyuzi.

Hatimaye Fundi Kipara akamkabidhi nyumba ndogo atandaze nyaya mwenyewe, kuanzia kwenye mita hadi taa ya mwisho.

"Mkaguzi akiipitisha, unasimama na kazi zako," alimwambia. "Akiikataa, unaanza upya na mimi."

Siku ya ukaguzi alifika mapema, moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Shemeji alikuwa ameshakoroga plasta; kazi yake ilikuwa kufunika kuta mkaguzi akisharidhika. Mama Sindano akapita chumba kwa chumba, akigusa hiki, akikaza kile, mpaka jikoni. Pale waya ulilala ndani ya mfereji wake, kutoka swichi ya juu hadi soketi ya chini, ukikatiza ukuta kona kwa kona, umenyooka kama mstari wa chaki. Akatabasamu. Mara tabasamu likakatika.

Mkono wa ushonaji ulikuwa umemponza. Fundi nguo hapotezi kitambaa. Mshazari ukimwokolea hata shubiri moja, hukata mshazari. Lakini waya wa ukutani hushuka wima au hulala mlalo, katika mstari wa swichi au soketi yake, ili mtu wa kesho mwenye msumari ajue pa kuukwepa. Huu ulipita palepale ambapo mwenye jiko yeyote angetundika rafu ya vyombo.

"Shemeji, nipe nyundo na patasi. Waya huu nautoa."

"Saa hizi? Mkaguzi yuko njiani." Mwashi akashusha sauti. "Acha niufunike kabisa. Nikishapaka, nani atauona?"

"Msumari utauona."

Shemeji akaguna. "Wenzako husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe unabomoa ukuta uzibe nini?" Hata hivyo nyundo hakuitoa; aliishika mwenyewe, akaanza kuchimba.

Vumbi likajaa jikoni. Yeye akichimba, Mama Sindano alichomoa waya, akaupima kwenye njia mpya. Ulipunguka. Kuunga ndani ya ukuta ni mwiko, basi akakata mwingine mzima, safari hii bila choyo, akauteremsha wima kutoka swichi, akaulaza mlalo hadi soketi na kuubana. Alijisikia kama anayekimbia mteremko na miguu inamtii.

Mkaguzi aliingia na kumkuta kapiga magoti, nywele nyeupe kwa vumbi. Fundi Kipara alikuwa nyuma ya mkaguzi.

"Mfereji huu wa mshazari ni wa nini?" mkaguzi akauliza.

"Nilikosea, mzee. Sasa waya unashuka wima, kisha unalala mlalo."

Mkaguzi alipima ethi, ule waya wa kwenda ardhini, akavuta kila waya kuona kama umekazwa, akarudi jikoni, akainama kuutazama ule waya mpya tangu juu hadi chini.

"Haya, pakeni plasta," akasema, akatoka.

Mama Sindano akamgeukia Fundi Kipara. "Maana yake nini?"

"Maana yake imepita, mama. Unataka akuimbie?"

Mama Sindano akacheka mpaka akaketi juu ya mfuko wa saruji, akainuka, akaketi tena.

"Shemeji, tulia basi," mwashi akalalamika, mwiko mkononi. "Unanitilia vumbi kwenye plasta."

Maneno yalimkuta ameshatokea uani, anamuuliza Fundi Kipara kama yule mwenye nyumba ya kona bado anatafuta fundi wa umeme.