Chapati Zilikatazwa, Kiboko Hakutajwa

Hadi leo nikiona ubao ulioandikwa USIKANYAGE NYASI, damu inanichemka. Wateja wangu hucheka. Wacha wacheke.

Mama yangu anauza omena na samaki wa kukaanga kule Gatwekera, Kibera. Chama chake cha akina mama, wote wa kanisa moja, hufunga mwaka kwa safari. Mwaka huo walichagua hoteli moja kando ya ziwa, huko Bonde la Ufa, walale usiku mmoja, wale vizuri, waombe, warudi. Basi la kukodi liliwachukua kituo cha Ayany, wote wamejifunga leso za aina moja. Mimi naishi Kawangware na nina kibanda cha kusuka nywele, lakini nilifunga kazi nikaandamana nao kwa sababu Mama alitaka mtu wa kumpiga picha.

Getini tulipekuliwa. Askari alifungua kila kikapu akitafuta chakula cha nje. Chapati alizopika Mama kwa ajili ya njiani zilibaki mezani pa askari. Sawa, sheria ni sheria, na ndani zilikuwa tele, kila moja na ubao wake: usikanyage nyasi, usikimbie kando ya bwawa la kuogelea, usiingie majini kabla ya kuoga, usianike nguo dirishani. Mama alizisoma zote kwa sauti, na akazifuata zote. Alikuwa akipita juu ya vijiwe vya njia ameinua leso, asiguse hata jani.

Jioni tulitembea hadi karibu na ziwa. Nyasi za huko zilikuwa fupi na laini, utadhani zimenyolewa. Mama akasimama mbele ya kichaka kilichotapakaa kinyesi. Yeye amezaliwa kando ya Ziwa Victoria, na vitu hivyo anavijua.

"Hii ni ya rao," akasema. Rao ni kiboko, kwa Kijaluo.

Niliangalia huku na huku. Hakukuwa na uzio wala ubao.

"Unafikiri wako hapa?"

Akafikiri kidogo, kisha akajicheka. "Aa, nyathina, mwanangu. Watu wamekataza hata chapati. Kungekuwa na rao si wangesema?"

Niliiona hoja nzuri kabisa. Tukarudi kula.

Sasa, chama cha Mama kina desturi yake. Kukipambazuka wanatoka nje, wanasimama duara, wanafumba macho, na kila mtu anaomba kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Gatwekera majirani wamezoea. Pale hotelini walitafuta mahali pa kusimama, na kwa kuwa wao ni watu wa kutii, walichagua nyasi za kando ya ziwa. Ndizo pekee ambazo hazikuwa na ubao wa kuwakataza.

Mimi nilikuwa nyuma kidogo natafuta picha. Kiboko alitokea upande wa vyumba vya wageni, anarudi majini, na akina mama wamesimama katikati ya njia yake. Mwanzoni nilidhani ni tangi la maji. Tangi likatembea. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, lakini nani atasikia ukelele katikati ya maombi kama yale? Walidhani nami nimeguswa. Mmoja hata alijibu, "Haleluya!"

Waliosikia kishindo walifumbua macho wakatawanyika. Mama hafumbui macho kabla ya amina. Hajawahi, tangu nimjue. Yule mnyama hakumng'ata; alimpiga kikumbo tu akipita, akaingia majini. Mama akabaki chini, na mguu wake umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Mhudumu mmoja alikuja mbio tukasaidiana kumbeba. "Pole sana, mathe," akamwambia. "Hao hutoka kila siku. Wanakuja kula nyasi, asubuhi wanarudi."

"Kwani mlikuwa mnajua?" nikamuuliza.

"Sisi wa kazi tunajua. Hatupitangi huko mapema."

Nilitaka kumng'ata mimi mwenyewe. Askari wa getini alipata nafasi ya kutaja chapati. Hakuna mtu katika hoteli nzima aliyepata nafasi ya kutaja kiboko.

Mama aliwekwa chuma mguuni. Kanisani ukawa ushuhuda: Bwana ameokoa. Ameokoa, sikatai, lakini niliposema hoteli ina makosa niliambiwa nina roho ya uchungu. Kilichonikera zaidi ni Mama mwenyewe. Meneja wa hoteli nina hakika alikuwa analala vizuri. Mama ndiye aliyekosa usingizi.

"Niliona kinyesi nikanyamaza," alikuwa akiniambia. "Hata kitambaa sikufunga."

Kwetu Gatwekera, ubao wa kuvukia mtaro ukioza, wa kwanza kuona huchomeka kijiti na kukifunga kitambaa. Hujui ni nani amefunga. Ukiona kitambaa, unazunguka.

"Si kazi yako, Mama! Ni kazi yao!"

"Wengine watakuja, nyathina. Watasimama palepale. Nipeleke nikawaambie."

Alipoweza kutembea na mkongojo nikampeleka. Meneja alitukaribisha ofisini na kutupa juisi. Nikamwambia tunataka kitu kimoja tu, ubao kwenye njia ya ziwani.

"Madam, nawaelewa. Lakini tukiandika kiboko, wageni wataogopa. Watu hukuja hapa kurelax."

"Na huyu alirelax?"

"Halafu, kila mtu anajua ziwani kuna viboko."

"Kama kila mtu anajua, ubao utamtisha nani?"

Akaangalia simu yake. Akasema suala hilo litajadiliwa. Nikageuka nimwambie Mama twende zetu, nikakuta kiti kitupu na juisi haijaguswa.

Nilimpata mwanzo wa njia ya ziwani, ameshikilia mti. Mkongojo wake ulikuwa umechomekwa katikati ya njia, na juu yake amefunga kitambaa chake chekundu cha kichwa. Wakati huohuo kikundi cha akina mama waliokuwa wameshuka basi lao walikuwa wanakuja wakiimba, leso za aina moja, sijui ni wa mtaa gani. Hakuna aliyewaambia neno. Waliona kitambaa, wakasimama, na wimbo ukakatika.

"Mathe, huko kuna nini?" akauliza wa mbele.

Mama akainua leso akawaonyesha kovu. "Kiboko. Anapita hapa hapa."

Wakageuka. Meneja naye akafika anahema. "Mathe, tafadhali, toa hiyo kitu. Inaogopesha wageni."

"Weka yako kwanza," Mama akamjibu, "ndio nitoe yangu."

Tuliondoka bila mkongojo. Mama aliniegemea begani hadi getini, mzito, anauma meno kila hatua, na sikuthubutu kumwambia turudi tuuchukue.