Unene Uliokuwa Sifa ya Zakaria

Ushuhuda wangu nitausema nimekaa, ndugu zangu, mniwie radhi. Miguu imechoka, na habari yenyewe inachosha.

Kule kwetu Burundi nilikuwa mwembamba. Nililima toka asubuhi, nikapanda mlima na kuni kichwani. Tulipofika Dzaleka, huku Malawi, kambi ilikuwa mpya, shamba hakuna, kazi ni kukaa. Mi nikaanza kupika mandazi ya kuuza mbele ya nyumba. Ya kwanza nilionja, ya kuvunjika nilikula, ya kubaki nilimalizia na chai ya sukari nyingi. Nani atakitupa chakula, sisi bantu ba kukimbia? Nikanenepa mpaka pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno.

Bantu balifurahi. Kwetu, bibi akinenepa, sifa ni ya bwana. Bwana yangu Zakaria ni fundi cherehani. Alipanua nguo zangu mara tatu, akiimba. Kila aliyepita alimwambia anajua kutunza, naye alipenda sana kusikia hivyo.

Kisha nikaanza kuchoka. Nilikuwa naamka nimechoka. Upande wa kuume, chini ya mbavu, kulikuwa na uzito kama nimefungiwa jiwe. Shingo ikawa nyeusi. Nilidhani ni uchafu, nikaisugua mpaka ikatoka damu. Kukojoa, kila saa. Muuguzi wa kambi akanituma hospitali kubwa ya Lilongwe.

Zakaria alinisindikiza, tukalala mtaa wa Mchesi kwa mtu wa kwetu. Hospitalini balinipaka kitu cha baridi tumboni, bakatazama ndani kwa mashine. Dokta akauliza nakunywa bia ngapi. Nikaapa sijawahi kuonja.

Akasema, "Mama, ini lako limejaa mafuta, na sukari imeanza kupanda. Ukiendelea hivi ini litaharibika, na dawa ya kulirudisha sina. Punguza mafuta, sukari na ugali wa nsima. Tembea kila siku. Upungue polepole."

Nilikasirika, kweli. Safari yote ile juu ya matola, gari la mizigo, tumebanana na magunia, halafu naambiwa nisile!

Lakini nikaanza. Nilitembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Kuonja mandazi nikaacha. Mwili ukashuka, njo shida nyingine ikaanza. Miaka ile mtu akikonda, bantu banasema ni ukimwi. Bateja bakaogopa mikono yangu. Jirani yetu, Mama Furaha, alimuuliza binti yangu Esperance kama nakohoa usiku.

Zakaria akaanza kunijazia sahani mwenyewe. "Kula, mama Esperance," akasema. "Banasema unakufa. Banasema mi njo nilikuletea huo ugonjwa."

Nikala. Wiki nyingi nikala kwa ajili ya heshima yake, machozi yakidondoka kwenye nsima. Ule uzito ukarudi. Asubuhi moja nilishindwa kuinuka mkekani. Nikamshika mkono, nikauweka chini ya mbavu.

"Zakaria, ukitaka sifa, utanizika nayo."

Alikaa pale, mkono pale pale, mpaka bantu bakaanza kumuita kazini.

Nikarudia kutembea na kula kidogo, mwili ukashuka tena. Jumapili moja tulipotoka kanisani, Mama Furaha alikuwa amesimama na benzake. Akasema kwa huruma, wote basikie, "Baba Esperance, bibi yako anaisha. Shida ni nini?"

Mi nikaangalia chini. Zakaria, mtu wa kupenda sifa vile, akavua kofia.

"Shida ni mi," akasema. "Mi njo namunyima chakula."

Haya, kambi nzima ikamuita mchoyo. Bamama bakarudi kununua mandazi yangu kwa kunihurumia. Na mi nikapungua kwa amani. Zakaria akazipunguza nguo zile zile, safari hii bila kuimba. Nilipopimwa tena Lilongwe, dokta akasema mafuta kwenye ini yamepungua sana. Uzito chini ya mbavu sijausikia tena. Uchovu bado unakuja siku nyingine, siwadanganyi.

Namshukuru Mungu, na dokta yule aliyeninyima dawa. We unayenenepa na kusifiwa, nenda bakupime. Na ukiona mtu amekonda, muulize yeye, muache mtoto wake.

Zakaria iko pale nyuma, mnamuona. Mpaka leo yeye njo anapakua. Bantu bakipita mlangoni, anapaza sauti basikie vizuri: "Inatosha, mama Esperance. Siongezi."