Sinema ya Mchana ya Mama Dorika

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ya projekta, ikichanganyika na moshi wa jenereta na udongo mwekundu uliolowa, hunirudisha Bigo, mtaa wetu mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, katika msimu wa mvua nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Mama Dorika, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa mjane, na mumewe alimwachia ukumbi wa sinema wa mbao na mabati ambao usiku ulijaa vijana wa kutazama mpira. Msimu ule mapigano ya Djugu, kaskazini mwa mji, yaliwaleta watu mjini na magodoro kichwani, na familia tatu zikalala katika ua wetu. Kisha ikatoka amri: hakuna mkusanyiko baada ya jua kuzama. Majirani wakamcheka Mama Dorika alipotangaza kwamba angeonyesha mchana. "Nani ataangalia sinema mu jua?" waliuliza. Akawajibu huku akifagia kizingiti: "Jua haikunioa. Haiwezi kunifungia mulango."

Projekta aliyokuwa nayo ilikuwa na mwanga mkali. Hata jua likipenya kwenye mianya yote ya mbao, picha ilionekana ukuta mzima, na mpira tuliuona ukivuka uwanja. Lakini ilikuwa picha ya nukta kubwa kubwa. Ukisogea karibu uliona vipande kama vigae vya rangi. Kwa mpira hilo halikumsumbua mtu. Likaja kutusumbua siku Mama Rashel, mmoja wa wageni wa ua wetu, alipomletea Mama Dorika kadi ndogo iliyotolewa katika simu, akiwa ameifunga kwenye ncha ya kitenge. Ndani yake mlikuwa na video ya kwaya ya kijiji chake, na katika safu ya pili aliimba binti yake Rashel, aliyeuawa wakati wa kukimbia. Simu yenyewe ilikuwa imevunjika njiani. Tukaiwasha video. Kwaya ikaimba kwa sauti nzuri, blauzi nyeupe zikang'aa, lakini nyuso zilikuwa miraba ya kahawia tu. Mama Rashel alitazama mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Huyu apana mutoto yangu. Huyu hana macho." Akatoka nje kwenye mvua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mama Dorika hakula chakula siku ile. Kesho yake alibeba mashine ile hadi kwa mfanyabiashara mmoja aliyeleta vyombo kutoka Aru, mpakani mwa Uganda, akaibadilisha na nyingine iliyosifiwa kwa picha safi. Nilikuwa naye. Yule bwana alimwonya: "Mama, hii iko na nukta mingi, ndogo ndogo. Lakini kila nukta iko na ukuta yake, na zile kuta zinakula mwanga. Mchana itakusumbua." Na kweli, tulipoiwasha, kwaya ilionekana kama watu waliosimama ndani ya ukungu. Mashine ya kwanza ilitupa mwanga bila nyuso. Hii ikatupa nyuso bila mwanga. Mimi nililia. Mama Dorika alinipa ndoo ya udongo. Siku nzima tulikandika mianya ya mbao, tukaziba matundu ya misumari kwenye mabati, na wageni wetu wakashusha turubai walizojifunikia usiku ili tuzitundike mlangoni. Kisha akaisogeza projekta karibu na ukuta, hatua kwa hatua, na kadiri picha ilivyozidi kuwa ndogo ndivyo ilivyozidi kung'aa, kwa kuwa mwanga uleule sasa ulikusanyika mahali padogo. Alisimama picha ilipokuwa na ukubwa wa mlango. "Wataingia kidogo kidogo," akasema. "Lakini wataona."

Mama Rashel alikaa mbele kabisa. Safu ya pili ilipotokea akainuka. "Simamisha!" Picha ikasimama. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano, mwenye pengo kati ya meno ya mbele, na alikuwa akijizuia kucheka katikati ya wimbo. "Eko ule," mama yake alisema akimwonyesha kwa kidole. "Angalia, anacheka mu kanisa. Nilimugombeza siku ile." Akacheka yeye mwenyewe huku machozi yakimtiririka, na nyuma yake mwanamume mmoja akaita, "Na ule wa tatu ni dada yangu!" Baada ya siku ile kadi zikaanza kuja kutoka kila ua: arusi, ubatizo, mtoto akioga kwenye beseni.

Shefu wa kartiye, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja na vijana wanne. Alisema kulizwa kwa watu kutaamsha chuki, na kwamba yaliyopita si ndwele. "Onyesha mpira, mama. Hawa batu apana kuwakumbusha."

Mama Dorika alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mwenye kovu usidhani kapoa, shefu. Siye hatuwakumbushi. Weye unadhani walisahau?"

Vijana wa shefu wakabeba mabenchi yote, wakidhani bila viti hakuna ukumbi. Kesho yake watu walikuja na bidoni, madumu yao ya maji, wakazikalia. Tulionyesha hivyo hadi mvua zikaisha, na shefu hakurudi.

Siku hizi kazi yangu ni kufunga projekta katika kumbi za mji huu. Za leza zinatoa mwanga mkali na picha safi kwa pamoja. Mchana, milango ikiwa wazi, unahesabu nywele za nyusi za mtu. Mashine haikulazimishi tena kuchagua. Majuzi waandaaji wa sherehe moja walitaka niondoe kwenye onyesho picha za waliokimbia Djugu, ambao wengine bado wako kambini, kwa sababu zingewaharibia wageni hamu ya chakula. Niliziacha zote, ukuta mzima, na wageni wakala wakiwatazama. Hawajaniita tena. Waite mwingine.