Ndege ya Mwanza Haipiti Lamadi

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Shinyanga, msimamizi wa kiwanja alinikabidhi filimbi na fimbo. Nikacheka. Mimi nilidhani kiwanja cha ndege ni kazi ya sketi nyeusi na kiyoyozi!

“Usicheke, mama,” akasema. “Ndege tunazisubiri tu. Kazi yenyewe ni ng’ombe.”

Nilipohamishiwa Bariadi nikamkumbuka. Njia ya kurukia ilikuwa ya changarawe, majani mabichi pembeni, uzio hakuna. Kila rubani alipowasha injini Mwanza, alinipigia simu. Kwa basi ungezunguka Magu, Lamadi, ndipo uanze kuitafuta Bariadi. Ndege inakata moja kwa moja, na ikipata upepo wa mgongoni, yaani unaoisukuma, hata ugali wako hujaumaliza iko juu ya kichwa chako.

Vijana, jambo hilo lilinitesa kuwaeleza watu, na siku ya Holo lilitaka kuniua kwa hofu.

Holo alikuwa mjamzito, ameletwa na gari la wagonjwa kutoka Lingeka, anavuja damu. Daktari alishasema barabara ya Mwanza hataiweza, apelekwe hospitali kwa ndege. Baba yake, Mzee Maduhu, mfugaji wa jirani na kiwanja, alikuja kumuaga, na kundi lake lote la ng’ombe likamfuata nyuma mpaka njia ya kurukia. Simu ikaita: ndege imeruka. Rubani akaonya kwamba wingu linapanda kutoka ziwani, akikosa kutua atarudi Mwanza.

“Mwadila, mzee,” nikamsalimu. “Toa ng’ombe njiani, ndege inakuja.”

“Inatoka wapi, mayu, mama yangu?”

“Mwanza.”

“Aa, Mwanza! Juzi nimetoka huko kwa basi, mgongo mpaka leo unauma. Acha wale kidogo.”

“Mzee, ndege haipiti Lamadi!”

Akatabasamu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikapuliza filimbi, nikachapa fimbo, wapi! Ukifukuza huyu, yule anarudi. Nilikasirika nikataka kulia.

Ndipo tukausikia mngurumo. Ndege ikatokea upande wa ziwa, ikashuka, ikawaona ng’ombe, ikapaa tena. Mzee Maduhu akaitazama ikigeuka, akatazama gari alimolala mwanawe. Uso ukambadilika. Akatupa kofia, akakimbia katikati ya njia akimwita dume lake la mbele kwa mluzi ambao sijawahi kuusikia tena. Dume likainua kichwa, likamfuata. Kundi zima likamfuata dume.

Ndege ikazunguka, ikatua, ikambeba Holo, ikaondoka.

“Atafika lini?” mzee akaniuliza.

“Peleka ng’ombe wakanywe maji. Wakimaliza, atakuwa amefika.”

Hakuniamini. Alikuwa bado kisimani nilipomfuata na simu ya rubani: wametua, Holo yuko mikononi mwa madaktari. Mzee mzima akakaa chini kwenye matope, akalia kwa sauti. Nami nikalia, siwafichi.

Holo alipona, na mtoto pia. Mimi nimestaafu, filimbi nimemkabidhi mwingine. Ila Mzee Maduhu hajastaafu. Akisikia ndege yoyote, hata hizi kubwa zinazopita juu mawinguni bila habari na sisi, anaacha chakula mezani na kutoka mbio kuondoa ng’ombe. Nimemwambia mara ngapi kwamba hizo hazitui Bariadi.

“Najua, mayu,” ananijibu, huku anakimbia. “Lakini mtoto wa mtu yumo.”