Mume Wangu Alipostaafu Akahamia Jikoni

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa skuli. Siku aliyostaafu tulipika pilau. Wakubwa wake wakaja kutoka Wete, wakamsifu mpaka akatokwa na machozi, wakampa saa ya ukutani, wakaenda zao. Asubuhi yake akaingia jikoni kwangu, mikono nyuma, akauliza, "Kwa nini chumvi iko mbali na meko?"

Nikacheka. Nilidhani mzaha.

Haukupita mwezi, alishapanga upya vyombo vyote na kuwakagua kuku. Nikikuna nazi, anasimama pembeni: "Unapoteza nguvu, bi. Kaa wima." Wenzangu niliokuwa nikisuka nao ukili wa mikeka barazani wakaacha kuja, maana aliwauliza malengo yao ya mwaka.

Nikavaa buibui, nikapanda gari hadi Wete, kwenye ofisi yake ya zamani. Mkubwa wa sasa, mama wa makamo, alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo, bi mkubwa. Mzee hajambo?"

"Marahaba. Hajambo kupita kiasi. Mrudisheni kazini."

Akanieleza kwa upole kwamba siku hizi wazee wanahimizwa sana waendelee na kazi, kwamba uzoefu wao ni hazina, na kwamba semina za jambo hilo zimeshafanywa, tena na chakula.

"Basi hazina yenyewe iko jikoni kwangu," nikamwambia. "Njooni muichukue."

Alicheka sana, kisha akakumbuka kwamba skuli moja kisiwani Fundo haina mwalimu wa hesabu. Ajira hakuna, posho ipo.

Mume wangu kwanza aligoma. "Mie nishalitumikia taifa!" Nikamwambia watoto wa Fundo wanafeli kwa kukosa mtu kama yeye. Usiku ule ule alipiga pasi mashati yake mwenyewe.

Sasa huondoka Jumatatu kwa boti, akarudi Alhamisi, sauti imemkauka, uso umenawiri. Hunisimulia habari za msichana mmoja anayemuuliza maswali mpaka yeye mwenyewe anakwama. Namsikiliza kwa raha. Na niseme kweli, ikifika Jumatano nyumba huwa kimya mno.

Habari zikaenea mtaani. Majirani zangu wawili, waume zao wamestaafu juzi juzi, mmoja alikuwa polisi, wakafunga safari kwenda ofisi ile ile. Jioni yake yule mama akanipigia simu.

"Bi mkubwa, umenitia mashakani. Wenzako wanataka kisiwa kilicho mbali kuliko Fundo."