Paa la Kanisa la Mama Vijumba

"Baba Mapacha, umeniyeyushia kanisa!"

"Kanisa gani, shemeji? Mimi napaka geti langu."

"Hili hapa!"

Ni saa tatu asubuhi. Mama Vijumba, kama wapangaji wenzake wanavyomwita, ananyanyua kijumba kinachoenea kiganjani. Paa limedidimia kama godoro kuukuu. Jirani yake, fundi wa mageti, bado ameshika kopo la rangi ya kupuliza.

"Labda ni upepo," anajitetea.

"Upepo ndio umebonyeza kopo?"

Mama Vijumba huchonga nyumba kwa lile povu jeupe linalokuja na friji na televisheni. Wanunuzi wake ni watu wazima wanaocheza mchezo wa vita, wakipiganisha vinyago vya askari mezani, na hawaoni haya. Hukata kuta kwa waya wa moto, huchora matofali kwa kalamu iliyokwisha wino, kisha hupaka gundi ya mbao. Bila gundi, rangi ya kupuliza hula povu papo hapo.

Oda hii ya vijumba kumi na viwili ndiyo kubwa kuliko zote katika miaka yake sita. Mteja anaifuata saa sita. Akiridhika, atachukua kijiji kizima kila mwezi.

"Nilikimbilia vijumba vingine," anasimulia. "Nikakagua kimoja kimoja huku naomba Mungu."

Kumi na kimoja vizima, gundi imevikinga. Kanisa pekee lilibadilishwa paa alfajiri, likaanikwa kibarazani bila gundi.

"Pole sana, shemeji."

"Pole haiezeki. Shika hapa!"

Basi Baba Mapacha, mzee wa kupinda nondo, anashika kipande cha povu kwa vidole viwili, amebana pumzi.

"Hiki kinatisha kuliko chuma."

"Usiongee, kinatikisika!"

Paa jipya linakatwa, linapakwa gundi, linapepewa kwa mfuniko wa sufuria, kisha linapigwa rangi ya maji. Saa sita mteja anafika, anasimamisha kinyago cha askari mlangoni mwa kanisa, anainama kuchungulia.

"Anaingia bila kuinama. Safi! Mwezi ujao nitengenezee soko na daraja."

Mteja akiondoka na maboksi yake, Mama Vijumba anakaa chini, anacheka peke yake. Kile chumba kitupu mwisho wa korido, alichokitamani siku nyingi, sasa atakipanga.

"Miaka sita nafanyia kazi kibarazani. Nataka mlango tu, niufunge."

Baba Mapacha anajipukuta chenga nyeupe ndevuni, anaaga.

"Unakwenda wapi? Chakula kimeiva. Ingia ule, la sivyo mkeo atautangazia mtaa mzima kwamba nimekutumikisha na njaa."