Koti la Marehemu

Kwetu, mwanamume akifa anarithiwa kila kitu, mke akiwemo. Tuliishi Ukonga, tuna bomba uani na king'amuzi sebuleni, mama anaimba kwaya kila Jumapili, lakini mila hiyo ilitufuata kutoka mkoani na wala haikuomba nauli. Mwenye kuitekeleza ni dada wa marehemu. Siku ya kumaliza msiba huchukua koti la marehemu na kumvika mdogo wa marehemu mbele ya ukoo. Akishavikwa, nyumba ni yake, watoto ni wake, na mjane ni wake.

Baba alipofariki, baba mdogo alikuja na begi lake kabisa. Alikuwa na wake wawili huko alikotoka, na matanga hayajaisha akaulizia chumba cha mama kina feni au hakina. Sijawahi kumchukia mtu kiasi kile.

Siku moja, tukimenya ndizi jikoni, mama aliniambia, "Nikikataa, wanatutoa humu ndani. Nikikubali, mimi nimekwisha." Nikamtajia mahakama. Akanitazama kwa huruma, maana wa kuishi na ukoo ule baada ya hukumu ni yeye, si hakimu.

Siku ya kikao cha kumaliza msiba sebule ilijaa. Shangazi, dada mkubwa wa baba, akaletewa koti, akalikunja na kulipakata. Baba mdogo alishasimama, amerudisha mikono nyuma tayari kuvikwa.

"Dada, tuendelee."

"Kaa chini," shangazi akasema. "Simvishi mtu."

Zogo likazuka. Mzee mmoja akauliza tangu lini mwanamke akafuta mila. Shangazi hakupandisha sauti.

"Mimi nilirithiwa kule nilikoolewa, nikiwa na mtoto mgongoni. Mbuzi wa siku ile mlimla ninyi hawa hawa. Yuko aliyewahi kuniuliza nililalaje? Huyu hatarithiwa. Anayetaka kumvika mwenzake aje anipokonye hili koti."

Hakuna aliyenyanyuka. Bila mkono wa dada, koti lile lilikuwa nguo tu, na wote walilijua hilo. Baba mdogo akaketi. Mama alilia mpaka kanga ikalowa, nami nililia naye. Tangu siku ile hajarithiwa mwanamke yeyote katika ukoo wetu.

Asubuhi nilimsindikiza shangazi stendi. Mama alikuwa amemsihi abaki, akae nasi, chumba kipo. Nami nikamsihi tena, nimeshika mfuko wake nisitake kuuachia. Akanieleza kwa upole kwamba yule shemeji aliyemrithi amepooza, wake zake wengine wamemkimbia, na hakuna mtu wa kumgeuza kitandani. Akachukua mfuko wake, akapanda basi.